Upande wa Figo

Chai ya Noella ilikuwa imepoa zamani, na wala hakuwa na mpango wa kuinywa. Mbele yake, katika chumba kilichozibwa madirisha kwa mapazia meusi, chupa kubwa ya mviringo ilikuwa inazunguka polepole ndani ya beseni la kioo lililojaa maji mazito. Upande mmoja wa beseni palikuwa na taa, upande wa pili kamera. Chupa inajipinda kidogo, kamera inapiga picha. Inajipinda tena, inapiga tena. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na ukiiharakisha umeiharibu.

Ndani ya chupa mlikuwa na jeli. Msidhani ni kitu cha ajabu. Ni gelatini, ile ile wanayoitumia wapishi wa keki za harusi, iliyopikwa ikatiwa chumvi ya chuma, tindikali kidogo na rangi. Ikipigwa na mionzi ya kutibu saratani, huanza kuacha rangi yake ya chungwa na kuelekea zambarau. Palipopigwa sana hukolea, paliponusurika hubaki palivyokuwa. Vipimo vingine vingemwambia Noella nguvu ya mionzi mahali pamoja tu. Jeli ilimwambia habari za kila mahali, juu, chini, katikati na pembeni, mradi aipige picha kutoka pande zote na kompyuta iziunganishe. Ubaya wake ni kwamba haikai. Rangi inasambaa humo ndani kadiri muda unavyokwenda, na ukichelewa unabaki kusoma ukungu. Tena joto la Uvira na gelatini havijawahi kupatana.

Kwa hiyo Noella alikuwa na asubuhi hiyo tu. Chupa ilipigwa mionzi mapema, kabla wagonjwa hawajafika, na Azarias, fundi wa mashine ya mionzi, akaileta mbio ndani ya sanduku la barafu la wauza samaki. Sasa kwenye benchi la korido alikuwa ameketi mtu ambaye chupa ile ilisimama badala yake: Consolée, dada wa marehemu baba yake Noella, mkulima wa mihogo wa Makobola, ambaye alimbeba Noella mgongoni mpaka mtoto akawa mzito wa kuaibisha.

Shangazi Consolée alikuwa na figo moja. Ya kulia ilitolewa pamoja na uvimbe, na madaktari waliompasua walisema wazi kwamba mabaki ya uvimbe yameng'ang'ania karibu na uti wa mgongo, upande huo huo wa kulia, mahali ambapo kisu hakithubutu kufika. Yachomwe kwa mionzi, au yatarudi. Figo ya kushoto ndiyo iliyokuwa inafanya kazi ya mbili. Ikiharibika hiyo, hakuna ya kuazima.

Noella alikuwa mwanafizikia pekee wa kituo kile kidogo, na mpango wa matibabu aliuchora mwenyewe. Miale iingie kutoka mgongoni na kutoka ubavu wa kulia, ikutane penye uvimbe, halafu nguvu yake ishuke kwa mkunjo safi kabla ya kuifikia figo ya kushoto. Wagonjwa wote waliotangulia walipigwa miale miwili inayolingana, mmoja mbele na mmoja nyuma, kazi isiyo na mbwembwe. Shangazi ndiye wa kwanza kupangiwa miale ya ubavuni. Hata angekuwa mgonjwa asiyemjua, Noella angeogopa. Kwa huyu, aliogopa mara mbili na aibu juu.

Na si kwamba walikuwa wanaanza leo. Mara ya kwanza umeme ulikatika, jeli ikayeyuka ndani ya friji, Shangazi akarudishwa nyumbani. Mara ya pili jeli ilijaa mapovu, akarudishwa tena. Kurudishwa maana yake ni pikipiki mpaka Makobola na mgongo unaouma, kwenye barabara ambayo hata mwenye mgongo mzima anailaani. Wakubwa wa ukoo walikuwa wameshatamka kwamba akirudi safari hii bila kutibiwa, hatoki tena. Watamtafutia mtu wa kumtibu huko huko kwa mizizi yake. Noella alimjua mtu huyo, na aliyajua makaburi ya wateja wake.

Mlango ukagongwa. Daktari Étienne, mkuu wa kituo, akaingiza kichwa tu, kwa kuwa alijua mwanga hautakiwi humo.

"Noella, tunaanza?"

"Bado, Docteur. Chupa iko inazunguka."

"Jenereta imeanza kukohoa. Azarias amulaze mama ku kitanda sasa hivi, weye ukisema oui tunapiga. Tusipoteze wakati."

Maneno yale yalikuwa na akili ndani yake, na Étienne hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshauriana na jenereta zaidi kuliko alivyoshauriana na mkewe. Noella akaitikia. Mlango ukafungwa, naye akarudi kuutazama ule mzunguko wa chupa.

Kompyuta ilipomaliza kuunganisha picha, mkunjo wa mionzi ukatokea. Ulikuwa mzuri kweli. Kingo safi, kina kile kile, nguvu ile ile aliyoipigia hesabu wiki nzima. Noella akaanza kutabasamu, na tabasamu likamfia mdomoni. Mionzi ilikuwa upande wa kushoto.

Akasoma upya alama za kwenye chupa. Kifuniko cha chupa ndicho kichwa cha mgonjwa. Mstari mwekundu ndio tumbo, mgonjwa akilala chali. Akanyoosha mikono yake mwenyewe gizani, huu kulia, huu kushoto, mtu mzima mwenye shahada akifanya mambo ya chekechea. Haikusaidia. Figo ambayo haipo tena ilikuwa imenusurishwa kwa ustadi mkubwa, na mahali pa figo iliyobaki palikuwa pamekolea zambarau.

Sasa hofu ya mwanafizikia si kama ya watu wengine, maana inaanza kwa kujishuku. Chukua chupa ya mviringo iliyojaa maji, uiweke mbele ya macho, utazame kidole chako nyuma yake: kulia kumekuwa kushoto. Ndiyo sababu jeli haitazamwi kwa macho hivi hivi, inatumbukizwa katika maji mazito ili mwanga upite bila kupindwa. Je, yale maji aliyachanganya sawasawa? Na kamera je? Jana tu aliifungua kuipangusa vumbi, akaifunga tena kwa haraka, akili ikiwa kwa Shangazi. Kamera ikikaa vibaya, au kompyuta ikidhani kuna kioo mahali pasipo na kioo, picha nzima inageuka.

Kulikuwa na kitufe cha kuigeuza. Akakibonyeza. Picha ikahamia upande wa pili na kulala juu ya mpango wake bila kupishana hata kidogo, kila ukingo juu ya ukingo wake. Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara, kwa sababu sasa alikuwa na maelezo mawili na yote mawili yalipendeza. Ama kamera yake imegeuza picha, na kule kwenye mashine mambo ni shwari. Ama kamera inasema kweli, na kule kwenye mashine wanajiandaa kuua figo ya mwisho ya shangazi yake.

Simu ikalia.

"Iko aje?" alikuwa Étienne. "Mama yuko ku kitanda, mugongo inamuuma."

"Munipe wakati kidogo, Docteur."

"Kuna shida?"

Noella akaitazama ile picha iliyogeuzwa. Akisema kuna shida, kisha shida iwe ni kamera yake mwenyewe, jeli nyingine haipo, Shangazi atashushwa kitandani na pikipiki ya Makobola itamchukua kwa mara ya mwisho. Akisema hakuna, na kamera iwe inasema kweli, basi figo imekwenda.

"Sijui," akasema. "Musipige kitu. Mungoje."

Nyuma ya pumzi za daktari akasikia sauti ya Shangazi ikipaa, "Mumuambie minye sirudi Makobola leo!" na Azarias akicheka kwa adabu. Simu ikakatwa.

Tuseme ukweli, kitufe kilimvuta. Picha iliyogeuzwa ilikuwa imetulia pale mbele yake, imekubaliana na kila hesabu, na neno moja tu kwa simu lingemfurahisha kila mtu ndani ya jengo. Tena alijua kwamba mara nyingi kosa huwa ni lake. Kidole chake kilikuwa kimeshaigusa simu. Akakiondoa kama aliyeungua, akainama akavuta uzi mweusi kwenye pindo la kitenge chake.

Akaitoa chupa ndani ya maji, akaipangusa, akaubandika uzi kwa plasta ubavuni, kulia kabisa, kulia kwa mgonjwa. Akaitumbukiza upya. Maji yakachafuka, na maji yakichafuka hupigi picha mpaka yatulie. Akangoja. Huko nje jenereta ikapunguza sauti, taa ya beseni ikafifia, akadhani basi, ndiyo mwisho; kisha ikapata nguvu tena. Katika kungoja huko Noella akasali sala ambayo sijui kama kuna mwingine amewahi kuisali: alimwomba Mungu awe amekosea yeye. Minye ndiye mujinga, Baba, uonyeshe minye ndiye mujinga. Alitaka uzi ule utokee kushoto zaidi kuliko alivyowahi kutaka cheti chochote.

Uzi ukatokea kulia. Kamera ilikuwa inasema kweli.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena huku ameshasimama, halafu akaitupa mezani na kutoka mbio, mapazia yakamwangukia mabegani, kamera na giza lake vikaachwa wazi. Korido ile si ndefu lakini siku hiyo ilikuwa ndefu. Watu wa kwenye benchi walikunja miguu kumpisha. Kwenye meza ya kuongozea mashine hapakuwa na mtu, ila simu ya Étienne ikimulika peke yake. Mwenyewe alikuwa uani anagombana na jenereta. Taa nyekundu iliyo juu ya mlango wa mashine ilikuwa haijawaka. Noella akausukuma ule mlango mzito uliokuwa nusu wazi.

Alitegemea kukutana na nyayo za miguu ya Shangazi. Kitanda kile kimewekwa ili mgonjwa alale kichwa kwenye mashine, ndani kabisa, na miguu kwenye mlango. Picha za skana alizopigwa Shangazi ng'ambo, Bujumbura, zilipigwa kwa mlalo huo, na mpango wote ulijengwa juu yake. Badala ya nyayo alikutana na uso wa Shangazi, umepinduka, unamtazama kutoka chini.

"Weye, mbona unahema?" Shangazi akauliza.

Azarias alikuwa ameinama upande wa pili wa kitanda, akiilinganisha mistari ya mwanga mwekundu na alama za wino mwilini mwa mgonjwa. Alikuwa mtu wa milimani juu ya Uvira, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo wagonjwa waliipenda.

"Alama zote ziko juste, Noella. Njoo uangalie."

Na kweli zilikuwa sawa, mbavu zote mbili. Mistari ya mwanga haijui kichwa wala miguu.

"Azarias, nani alimugeuza?"

"Minye."

"Juu ya nini?"

Azarias akamtazama mgonjwa, akashusha sauti, ingawa katika chumba kile hata mtu akimeza mate unasikia. "Noella, weye uko mutoto wa hapa. Muntu anatoka mu nyumba miguu mbele siku moja tu, siku ya kumuzika. Ule mama wa kwanza tulilaza, alipoona miguu yake inaangalia mulango, alilia mpaka akashuka. Nikamugeuza kichwa ku mulango, akatulia. Tangu pale nawageuza bote, hata kabla baombe. Ni heshima tu."

"Na chupa?"

"Ulisema chupa niifanyie sawa na mugonjwa, kila kitu bila kubadilisha. Nililaza kifuniko ku mulango."

Noella alitaka kukasirika na hasira ikakosa pa kushika. Alikuwa ameagiza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na mtu akamtii. Yeye mwenyewe, kila wagonjwa walipolazwa, alikuwa amejifungia gizani anahangaika na jeli zake. Étienne aliwaona kila siku kwenye skrini na hakuona kitu, kwake mgonjwa aliyetulia ni mgonjwa aliyelala vizuri. Akawapitisha akilini wagonjwa waliotangulia, mmoja mmoja. Mbele na nyuma, mbele na nyuma, miale inayolingana na iliyoenea sawa pande zote mbili. Hao kugeuzwa hakukuwabadilishia kitu. Angezipiga tena hesabu zao, zote, lakini pumzi ilimrudia. Kisha akageukia kitanda.

Akamweleza Shangazi bila kupamba. Kwamba mashine haimjui mtu, inajua pembe tu. Kwamba akilala vile alivyolala, miale iliyopangwa kuingia kulia itaingia kushoto.

"Ku figo yangu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mara moja?"

"Kila siku tutakulaza hivi. Mpaka ikufe."

Shangazi akafumba macho. Étienne aliingia wakati huo, mikono ina mafuta ya jenereta, akaelezwa, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa kama mtu aliyekatwa nguvu. Aliyeanza kusema alikuwa Noella: mpango unaweza kuandikwa upya, ukubali mtu alale kichwa kwenye mlango, si jambo gumu, ila lazima jeli nyingine, barafu nyingine, na Shangazi arudi nyumbani angoje.

"Nikirudi Makobola leo, hawataniacha tena," Shangazi akasema. "Unajua."

"Najua."

"Basi munigeuze."

Lakini Azarias alipomshika bega, mwili wake wote ukakakamaa, na Noella aliona vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo wa kitanda. Hakulia. Alisema haraka haraka, akitazama dari:

"Baba yako nilimuangalia akitoka vile, mu ile nyumba ya Kasenga. Mulango wazi, bantu bote wamepisha, hakuna hata mumoja amesimama pale. Vile ndiyo wanafanyaga. Maiti haizibiwi mulango." Akaacha dari, akamtazama Noella. "Noella, weye uende uzibe mulango."

"Shangazi, wakati mashine inapiga, hakuna muntu anabakiaga humu ndani. Hata minye."

"Basi uzibe inje. Usimame pale, usitoke, hata wakuite."

Étienne akakohoa. "Siku ya kwanza mwanafizikia anakaaga mbele ya écran. Ni règlement, mama. Ni yeye anajua hizi pembe."

Noella aliijua hiyo kanuni, aliiandika yeye. Na baada ya asubuhi ile hakutaka kumwachia mtu yeyote kitu chochote, si pembe, si swichi, si hata mlango. Kama kuna mahali alipotaka kuwa duniani, ni mbele ya skrini ile, akiyaona mambo kwa macho yake. Akamtazama Azarias, na Azarias, uso umemshuka kwa aibu, hakukwepa.

"Mugeuze," akamwambia.

Walimgeuza pamoja, wakamlaza kichwa kwenye mashine. Noella alihakikisha kila alama kwa kidole. Akamfanya Azarias ataje kwa sauti: kichwa huku, figo huku, miale inatoka huku. Akamwandikia pembe zote kwenye mkono wake, juu ya ngozi, kwa wino wa wagonjwa. Étienne angesoma, Azarias angebonyeza, na kama hata tarakimu moja ingekataa, wasimamishe. Kisha akatoka wa mwisho, mlango mzito ukajifunga, akageuka na kuuegemeza mgongo wake.

Taa nyekundu ikawaka juu ya kichwa chake.

Hakuona kitu. Zege na chuma nyuma yake vilikuwa vinene mno kupitisha chochote isipokuwa mngurumo mdogo, ukikoma, ukianza upya, kila ulipokoma akijiuliza umekoma kwa nini. Akafikiria plasta. Je, kweli aliibandika kulia? Akafikiria wino kwenye mkono wenye jasho. Meza ya kuongozea ilikuwa pale pale kwenye kona, hatua chache. Angeweza kuchungulia tu kisha arudi, na Shangazi asingejua. Watu wa benchi walikuwa wanamtazama, machoni pao daktari mzima amejibandika mlangoni, nywele zina vumbi la pazia.

"Docteur, banakuita pale?" mama mmoja akauliza, maana sauti ya Étienne ilikuwa imepanda kule kwenye kona.

"Nasikia," Noella akasema, na hakutoka. Machozi yalikuwa yanamtoka, akayaacha yateremke kwa sababu mikono yote miwili alikuwa ameibana kwenye mlango.

Mngurumo ukaanza tena. Ukadumu. Ukakoma, na safari hii taa nyekundu ikazimika. Azarias akatokea kwenye kona akiwa ameinua mkono wenye wino, tarakimu zote zimewekewa alama ndogo ndogo za vema. Mlango ukaanza kufunguka nyuma ya Noella, naye akasogea nao, akabaki amesimama katikati ya nafasi, ameiziba.

"Noella!" sauti ikatoka ndani. "Uko hapo bado?"

"Niko, Shangazi."

Zikasikika kandambili zikitafutwa sakafuni kwa vidole vya miguu, moja, kisha ya pili. Halafu zikaanza kuja, zinaburuzwa, taratibu, za mtu anayetembea ameshika kiuno.

"Basi pisha," Shangazi akasema. "Minye natoka."